La sita, mwaka ambao wazazi hulala

Mtoto akiwa darasa la nne, nyumba nzima inajua kuna mtihani wa taifa. Akifika la saba, hata mjomba aliyeko Geita anapiga simu kuuliza maendeleo. Katikati hapo kuna la tano na la sita, na ndipo wazazi wengi wa huku ziwani hulala usingizi wa pono. Si kwamba hawajali. Hakuna mtihani wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, hakuna mahafali, hakuna cha kuwashtua. Wakishtuka, ni Machi ya la saba, mtihani uko Septemba, na hesabu za asilimia ambazo mtoto alipaswa kuzielewa la sita hazitafundishwa tena kwa utulivu. La saba kazi ni marudio na mitihani ya majaribio.

Tuliofundisha la sita katika shule za serikali za Nyamagana na Ilemela mkoani Mwanza, na vijiji vya mwambao wa Ziwa Victoria, tumelijua hilo kwa vitendo: kumpasha mzazi habari ni sehemu ya kufundisha, na taarifa isiyomwambia mzazi afanye nini na lini ni karatasi tu. Yanayofuata ni yale tuliyoyaona yakifanya kazi, pamoja na yanayoharibika.

Tuanze na ripoti ya Juni, maana ndiyo karatasi pekee ambayo karibu kila mzazi huiona. Mzazi huangalia kitu kimoja: nafasi. Ya 23 kati ya 94, anafurahi au ananuna, karatasi inaingia chini ya godoro. Nafasi haimwambii lolote. Darasa likiwa dhaifu, wa 23 anaweza kuwa hajui kugawanya.

Shule nyingi huiga mpangilio wa mtihani wa la saba: masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300. Kwa somo, A ni 41 hadi 50, B ni 31 hadi 40, C ni 21 hadi 30, D ni 11 hadi 20, chini ya hapo ni E. Kwa jumla, C inaanzia 121 na kuishia 180, na C ni ufaulu. Sasa tazama ripoti ya aina hii, ambayo mwalimu yeyote wa la sita anaifahamu: Kiswahili 42, Uraia na Maadili 36, Maarifa ya Jamii 33, Sayansi 25, Kiingereza 12, Hisabati 9. Jumla 157, daraja C, amefaulu. Baba anasoma "amefaulu" na anaridhika. Lakini mtoto huyu ana E ya Hisabati na D ya Kiingereza, anabebwa na Kiswahili, na akiingia kidato cha kwanza Kiswahili hakitambeba tena kwa sababu masomo karibu yote yatakuwa kwa Kiingereza.

Kwa hiyo kazi ya mwalimu wa darasa ni kuzungushia kalamu nyekundu masomo mawili yanayozama, halafu kwenye nafasi ya maoni aandike neno linaloshikika. "Aongeze bidii" lifutwe kabisa. Tumeliandika miaka nenda rudi na halijamsaidia mtoto hata mmoja. Andika hivi: "Hisabati: hawezi kubadili sehemu kuwa asilimia. Likizo hii afanye maswali matano kila Jumamosi kutoka kitabu cha la tano, aje nayo siku ya kufungua." Mzazi asiyejua asilimia anaweza kuhesabu maswali matano kwenye daftari. Hiyo ndiyo siri yenyewe: mpe mzazi kazi ya kukagua, usimpe kazi ya kufundisha.

Anayeweza zaidi ya hapo, mwelekeze kwenye biashara anayoijua. Mama anayeuza dagaa anajua faida na hasara kuliko mwalimu. Tuseme kanunua ndoo kwa 20,000, kaiuza 26,000. Faida ni 6,000. Mtoto aulizwe: hiyo ni asilimia ngapi ya mtaji? Gawanya 6,000 kwa 20,000, zidisha kwa 100, unapata 30. Kosa la kawaida ni mtoto kugawanya kwa 26,000, bei ya kuuzia. Ukimwandikia mama kosa hilo kwenye kikaratasi, atalinasa mwenyewe jioni wakati anahesabu hela zake. Vivyo hivyo na MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mzazi aliyesoma msingi analikumbuka neno hilo hata kama kasahau yote mengine, na ukilitaja kwenye kikao utaona wanatabasamu.

Ila ripoti huja mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, na katikati kuna miezi. Kinachoziba pengo ni madaftari. Siku ya madaftari haina gharama: mzazi anaingia darasani, anakaa kwenye dawati la mwanawe, anafungua daftari la Hisabati na la Kiingereza. Mwongoze aangalie mambo manne tu. Tarehe: zikiruka kutoka tarehe 4 hadi 19, mtoto hakuwepo au hakuandika, na yeye mzazi alikuwa anamuaga kila asubuhi. Masahihisho: baada ya zoezi lenye makosa panatakiwa kuwe na kazi iliyorudiwa, kukiwa na alama za kosa tu bila marudio, mtoto hajifunzi kutokana na makosa yake. Saini na wino wa mwalimu: hapa mwalimu naye anakaguliwa, na ndiyo maana baadhi yetu hatuipendi siku hii. Mwisho, kurasa zilizochanwa. Daftari jembamba kuliko la mwenzake aliyelinunua siku moja lina habari zake.

Wazazi wasioweza kusoma hukaa nyuma kwa aibu. Usiwaite mbele. Mwambie mtoto asome ukurasa mmoja wa Kiingereza kwa sauti mbele ya mzazi wake, hapo hapo dawatini. Hata bibi asiyejua neno moja la Kiingereza husikia mjukuu anapokwama kila baada ya maneno mawili. Kazi yake nyumbani ndiyo hiyo: ukurasa mmoja kwa sauti kila jioni, akikwama sana, asubuhi aje amuulize mwalimu.

Kuhusu mawasiliano ya kila wiki. Namba ya simu iliyoandikwa Januari, ikifika Mei huwa imekufa au iko kwa mtu mwingine. Mzazi mvuvi amehamia kambi nyingine visiwani, laini ilikuwa ya bodaboda wa jirani, mama kabadilisha mtandao. Daftari la namba liwe na safu tatu: mzazi, mtu mzima anayelala nyumba moja na mtoto, na jirani mwenye simu. Safu ya pili ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu watoto wengi huku wanalelewa na bibi au shangazi huku baba yuko Ukara au Kome na mama yuko sokoni tangu alfajiri. Namba zihakikiwe tena Julai shule zikifunguliwa, kila mtoto aje nazo zikiwa zimeandikwa na mlezi mwenyewe, si na mtoto. Mtoto mwenye lake huandika namba ya kaka yake.

Grupu la WhatsApp la darasa ni zuri likifungwa. Waendeshaji peke yao ndio waweze kutuma, mwenye swali aende kwa mwalimu pembeni. Likiachwa wazi, ndani ya wiki mbili limejaa misiba, matangazo ya vitenge, siasa na maua ya "asubuhi njema", na tangazo la mtihani limezama. Matokeo yenye majina hayatumwi humo, wala picha ya mtoto anayeadhibiwa au anayeumwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, mtoto aliyekuwa wa 94 ana haki ya kutembea mtaani kwao bila kuchekwa. Sauti ya dakika moja husikilizwa, ya dakika tano haisikilizwi.

Lakini grupu linawakusanya wenye simu janja. Wenye kitochi wanabaki nje, na mara nyingi ni hao hao ambao watoto wao wanahitaji kufuatiliwa. Kwao ni meseji ya kawaida, na yenyewe ina ufundi wake. Meseji moja hubeba herufi 160 ukihesabu na nafasi. Ukizidisha, inakatwa na unalipia mbili. Kuna mtego ambao wengi hawaujui: ukiweka kikatuni, au ile alama iliyopinda ambayo simu janja huiweka yenyewe kwenye majina kama Ng’washi, meseji inabadilika mfumo na uwezo wake unashuka hadi herufi 70. Ukiwatumia wazazi tisini, vocha inayeyuka bila kujua kwa nini. Andika Ngwashi tu kwenye meseji; jina kamili litunze kwa ajili ya kumbukumbu rasmi.

Mfano wa meseji iliyokamilika: "Alhamisi la sita watapewa dawa ya kichocho saa 3 asubuhi. Mtoto ale ashibe kabla ya kuja. Kama ni mgonjwa au anatumia dawa nyingine, nipigie leo. Mwl wa darasa". Ni herufi 159. Ina siku, saa, cha kufanya, na pa kuuliza. Haina "Ndugu mzazi, uongozi wa shule unayo furaha kukutaarifu", ambayo inakula theluthi ya meseji kabla hujasema chochote.

Hiyo kingatiba, yaani dawa ya kichocho inayotolewa shuleni, inastahili maneno zaidi, kwa sababu ndipo imani ya wazazi hujengwa au kubomoka huku kwetu. Mtoto akimeza dawa ya kichocho akiwa na njaa, kichefuchefu na kizunguzungu humshika, anatapika njiani, na kufikia jioni mtaa mzima unasema shule imewalisha watoto sumu. Mwaka unaofuata wazazi wanawaficha watoto nyumbani. Dawa ni ileile. Kilichokosekana ni taarifa ya siku moja kabla. Jambo la pili: idadi ya vidonge hupimwa kwa urefu wa mtoto kwenye kijiti cha vipimo, kwa hiyo mrefu anameza vingi kuliko rafiki yake wa umri huohuo. Lisemwe mapema, la sivyo mzazi atadhani wake amezidishiwa. Jambo la tatu, dawa inaua minyoo iliyomo mwilini, haimkingi mtoto anayerudi kuoga na kufua ziwani kesho yake. Wazazi wengi husikia "kinga" wakadhani ni chanjo.

Na chanjo yenyewe ipo: ile ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, umri ambao la sita limo katikati. Tangu 2024 ni dozi moja. Uvumi wa kwamba inafunga uzazi utafika nyumbani kabla ya barua yako, kwa hiyo mwite muuguzi wa zahanati aje kikaoni ajibu mwenyewe. Mwalimu akijibu maswali ya dawa, hata akijibu sawasawa, haaminiki.

Kikao kiwe lini? Hapa walimu wageni hukosea. Ratiba ya wizara haioni mwezi angani, lakini wavuvi wa dagaa wanauona. Wanavua usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga unatawanya dagaa, mitumbwi inapumzika siku kadhaa na baba yuko nyumbani. Shule ya mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ikiitisha kikao cha wazazi wakati wa giza, itapata akina mama wachache na wazee. Ikiitisha kwenye mbalamwezi, itawapata akina baba. Wauza samaki wa soko la Kirumba wana kazi asubuhi, kwa hiyo kikao cha saa mbili kamili kwao ni mzaha. Saa tisa alasiri wanakuja. Kwa vijiji vya Magu, Misungwi na Kwimba angalia msimu wa mpunga na pamba, na siku ya mnada. Siku ya mnada usiitishe kitu.

Taaluma itangulie kwenye ajenda, michango ifuate. Ukianza na michango, kikao kinageuka ugomvi na hakuna atakayefungua daftari. Elimu msingi haina ada tangu 2016 na ruzuku ya serikali ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kwa hiyo mahindi na maharage ya makande lazima yatoke kwa wazazi, na lazima wao wenyewe wakubaliane kiasi. Makubaliano yaandikwe kwenye muhtasari wa kamati ya shule, na mtoto ambaye kwao hawajatoa asirudishwe nyumbani. Zaidi ya hapo hatuna la kuongeza. Kila shule inajua vita vyake.

Barua bado ina kazi yake, hasa pale panapohitajika saini. Karatasi moja ya A4 hukatwa vipande vinne. Darasa la watoto 90 linatumia karatasi 23. Chini acha mstari wa kukatwa: jina la mtoto, "nimesoma", saini au dole gumba. Vipande visivyorudi baada ya siku tatu ndiyo orodha yako ya kupiga simu. Dole gumba usilidharau. Bibi anayeweka dole mbele ya mjukuu wake ameshuhudia, na mjukuu anajua.

Simu yenyewe ina adabu yake. Mzazi akiona namba ya mwalimu saa nne asubuhi, moyo unampasuka. Anadhani mtoto kazama au kagongwa. Anza hivi: "Shikamoo bibi. Mimi mwalimu wa Doto. Doto ni mzima." Halafu ndipo useme hajaonekana tangu Jumatatu. Kama bibi anaongea Kisukuma zaidi na wewe hukijui, salamu ya "mwangaluka" inafungua mlango, kisha omba jirani asaidie kutafsiri. Usimtumie mtoto mwenyewe kutafsiri habari za utoro wake. Utajionea.

Na utoro usisubiri wiki. Siku ya pili bila taarifa, piga. Mtoto wa la sita ana nguvu za kutosha kubeba ndoo na kuanika dagaa kwa malipo, na akishashika hela mkononi kwa siku tano mfululizo kumrudisha ni kazi. Wasichana wakikosa siku mbili tatu kila mwezi, hiyo si tabia mbaya. Huenda ni hedhi bila vifaa. Habari hiyo impelekee mama au shangazi, apelekewe na mwalimu wa kike, kwa mdomo. Haiandikwi kwenye kikaratasi kinachobebwa na mtoto.

Kuna jambo moja la kiofisi ambalo la sita ndiyo nafasi ya mwisho ya kulifanya bila presha: majina. Kila mwanafunzi ana namba ya PREM, mfumo wa NECTA wa kumbukumbu za wanafunzi, na jina lililoingizwa humo ndilo huelekea kwenye usajili wa mtihani na hatimaye kwenye vyeti. Huku kwetu mtoto mmoja anaweza kuwa Magreth shuleni, Margareth kwenye cheti cha kuzaliwa na Magreti kwenye kadi ya kliniki. Ng’washi anaandikwa Ngwashi. Jina la babu linawekwa mahali pa baba. Mwezi Oktoba au Novemba, chapa orodha, mpelekee kila mzazi mstari wa mwanawe: majina matatu, jinsi, tarehe ya kuzaliwa. Alinganishe na cheti cha kuzaliwa cha RITA, asahihishe kwa kalamu, arudishe na nakala ya cheti. Asiye na cheti aanze kukifuatilia likizo ya Desemba. Kosa la herufi moja likigunduliwa mtoto akiwa la saba au sekondari, marekebisho yake ni safari, nauli na barua za ofisi hadi ofisi.

Na hao wazazi waliolala hawatakuwa na mahali pa kulala tena. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeweka elimu ya msingi kuwa miaka sita. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la awali, la kwanza na la tatu. Watoto walioanza nao wakiwa la tatu wanafika la sita 2027, na hapo ndipo msingi wao unaishia, mwaka uleule ambao kaka na dada zao waliokuwa la nne 2024 wanamaliza la saba kwa mtaala wa zamani. Nyumba yenye watoto wawili wanaofuatana inaweza kujikuta na wawili wa kidato cha kwanza kwa mpigo: sare mbili, madaftari mara mbili.

Wazazi wengi hawajalishika hilo. Ukiwauliza, bado wanahesabu hadi saba. Wengine wanamtunzia mdogo vitabu vya kaka yake, wakati masomo yenyewe yamebadilika: sasa kuna Historia ya Tanzania na Maadili, kuna Jiografia na Mazingira. Kwa hiyo barua ya Desemba kwa wazazi wa la tano iseme hivyo kwenye mstari wa kwanza, mwaka ukiwa kwa tarakimu, kabla ya tarehe ya kufungua shule na kabla ya orodha ya madaftari.